Kimya cha Drnovšek

Tarehe 28 Juni 1989, katika uwanda wa Gazimestan huko Kosovo, mamia ya maelfu ya Waserbia walikusanyika kuadhimisha miaka 600 tangu mababu zao walipopigana na jeshi la Waosmani. Aliyehutubia alikuwa Slobodan Milošević. Katika hotuba ile aligusia kwamba mapambano mapya yalikuwa yameanza, na kwamba ingawa hayakuwa ya silaha, silaha nazo zisingeweza kuondolewa katika hesabu. Umati ukashangilia. Miongoni mwa wageni wa heshima aliketi mwanamume mwembamba wa miaka 39, mchumi, ambaye miezi mitatu kabla ya hapo Wayugoslavia wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake. Kwa cheo, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi nzima, na Milošević alikuwa kiongozi wa jamhuri moja tu kati ya sita. Lakini siku ile haikuwa yake. Alisikiliza, akaondoka.

Mtu huyo aliitwa Janez Drnovšek, Mslovenia. Miaka miwili baadaye nchi aliyoiongoza ilianza kuvunjika kwa risasi, na jamhuri yake ndogo ikatoka humo karibu nzima. Akawa Waziri Mkuu wake kwa takriban muongo mzima, kisha Rais wake.

Mimi nimezaliwa na kukulia Tanzania, nchi ya muungano. Katika mijadala ya muungano wetu jina la Yugoslavia nimelisikia mara nyingi likitajwa kama onyo: angalieni yaliyowapata wale. Onyo hilo huishia Sarajevo na Srebrenica, na ni haki yake kuishia huko. Ila limenifanya nitake kumjua yule aliyeponyoka, nijue aliponyokaje, na nani alilipa gharama. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sijui mwanasiasa mwingine wa Ulaya ambaye methali hii inamfaa kama Drnovšek, na inamfaa kwa wema na kwa ubaya.

Alizaliwa mwaka 1950 katika mji wa Celje, akakulia Kisovec, kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe katika bonde la mto Sava. Alisoma uchumi Ljubljana. Baadaye aliongoza tawi la benki katika mji wa Trbovlje, mji mwingine wa migodi, na kwa muda alifanya kazi Cairo kama mshauri wa uchumi katika ubalozi wa Yugoslavia. Mwaka 1986 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Maribor kwa tasnifu kuhusu Shirika la Fedha la Kimataifa na Yugoslavia. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyeishi miaka ile ya themanini haelezwi zaidi ya hapo. Sisi nasi tulikuwa na shirika hilohilo mlangoni, na masharti yake mezani. Drnovšek aliijua nchi yake kwa upande wa madeni, na mtu anayeijua nchi kwa upande wa madeni haidanganyiki kirahisi na gwaride.

Yugoslavia baada ya kifo cha Tito mwaka 1980 iliongozwa na Baraza la Urais lenye wajumbe wanane: mmoja kutoka kila jamhuri, na mmoja mmoja kutoka majimbo mawili ya Kosovo na Vojvodina. Uenyekiti ulizunguka kila mwaka, kama zamu ya kuchota maji. Mwaka 1989 ilikuwa zamu ya Slovenia, na nafasi ya mjumbe wake ilikuwa inaachwa wazi. Chama cha Kikomunisti kilikuwa na mtu wake, Marko Bulc, mwanachama mwenye uzoefu. Lakini Waslovenia walikuwa wamechoka kuchaguliwa, na safari hii waliruhusiwa kupiga kura wenyewe. Mwezi Aprili walimchagua Drnovšek, yule wa benki. Katikati ya Mei aliapishwa Belgrade kuwa mwenyekiti wa Baraza, mkuu wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 23 na amiri jeshi wa jeshi ambalo majenerali wake hawakumjua wala hawakumtaka.

Hapa ndipo historia yake inapogusa yetu. Mwezi Septemba 1989 Belgrade ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, jumuiya iliyozaliwa katika mji huohuo mwaka 1961, na ambayo mawaziri wake waliwahi kukutana Dar es Salaam mwaka 1970 kuandaa mkutano wa Lusaka. Kwa kuwa mwenyeji ndiye mwenyekiti, Drnovšek akawa kiongozi wa jumuiya nzima. Nelson Mandela alipotoka gerezani tarehe 11 Februari 1990, na Namibia ilipopandisha bendera yake tarehe 21 Machi, mwenyekiti wa jumuiya iliyokuwa imesimama na wapigania uhuru kwa miongo mitatu alikuwa ni huyu Mslovenia ambaye mwaka mmoja kabla Wayugoslavia wengi hawakumjua. Sehemu moja ya dunia ilikuwa inakamilisha uhuru wake wakati nyumba ya mwenyekiti inaanza kuvuja.

Ilikuwa inavuja kila upande. Kufikia mwisho wa 1989 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 2,000 kwa mwaka. Januari 1990 wajumbe wa Slovenia walitoka nje ya mkutano mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha Yugoslavia, na chama kikafa pale ukumbini. Kosovo ilikuwa chini ya hali ya hatari. Drnovšek hakuwa na chama cha kumbeba, wala jeshi la kumtii, na ukweli ni kwamba kura yake ilikuwa moja kati ya nane. Alichokuwa nacho ni subira ya kikao. Aliketi, akasikiliza, akasubiri wenye sauti wachoke, kisha akarudisha hoja yake palepale ilipokuwa. Hali ya hatari ya Kosovo iliondolewa Aprili 1990, mwezi mmoja kabla hajakabidhi uenyekiti, na mwezi huohuo akaachiwa Adem Demaçi, mwandishi wa Kialbania aliyekaa gerezani jumla ya miaka 28. Kwa mwenyekiti asiye na nguvu, hayo hayakuwa madogo, ingawa hayakudumu.

Kisha mambo yakaenda mbio. Desemba 1990 Waslovenia walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 88 ya wapiga kura wote walioandikishwa wakataka nchi huru. Uhuru ukatangazwa tarehe 25 Juni 1991. Jeshi la Yugoslavia likatoka kambini kwenda kushika mipaka na uwanja wa ndege. Vita vilichukua siku kumi na kuua watu wasiofika mia. Tarehe 7 Julai, katika kisiwa cha Brioni, mahali ambapo Tito alikuwa akipokea wageni wake, wajumbe wa Jumuiya ya Ulaya walizikutanisha pande zote. Drnovšek alikuwa katika ujumbe wa Slovenia. Yeye aliwajua watu wa upande wa pili, kwa kuwa alikuwa ameketi nao meza moja kwa miaka miwili. Walikubaliana kwamba Slovenia isimamishe utekelezaji wa uhuru wake kwa miezi mitatu. Kabla miezi hiyo haijaisha, Belgrade yenyewe ilikuwa imeamua kuliondoa jeshi. Mwishoni mwa Oktoba askari wa mwisho walipanda meli katika bandari ya Koper.

Ni kweli kwamba Slovenia ilikuwa na bahati ya ramani: haikuwa na jamii kubwa ya Waserbia ambayo Milošević angedai kuja kuiokoa, na haikupakana na Serbia. Kroatia na Bosnia hazikuwa na bahati hiyo, na vita vilivyoikwepa Slovenia viliwaangukia wao. Lakini bahati nayo inahitaji mtu asiyeivuruga, na katika majira yale ya makelele, mtu aliyejua kunyamaza alikuwa na thamani ya kikosi kizima.

Mei 1992, serikali ya kwanza ya Lojze Peterle ilipoangushwa bungeni, Drnovšek akawa Waziri Mkuu. Akashinda uchaguzi wa mwaka ule, na wa 1996, na wa 2000. Serikali zake zilikuwa za mseto, wakati mwingine mseto wa chui na mbuzi. Baada ya uchaguzi wa 1996 Bunge la viti 90 liligawanyika nusu kwa nusu, 45 kwa 45, na nchi ikakaa wiki nyingi bila serikali mpya. Drnovšek hakupiga kelele wala hakuitisha maandamano. Alisubiri. Januari 1997 mbunge mmoja alitoka upande wa pili, na akachaguliwa kwa kura 46. Mwaka 2000 waliwahi kumwondoa, na baada ya miezi michache wapiga kura wakamrudisha.

Katika uchumi alikwenda taratibu vilevile. Wataalamu wengi wa wakati ule walizihimiza nchi zilizotoka katika ukomunisti zibinafsishe kila kitu kwa mkupuo. Slovenia chini yake ilichelewa kwa makusudi: viwanda viligawanywa hatua kwa hatua, wafanyakazi na vyama vyao wakaitwa mezani, benki kubwa zikabaki mikononi mwa dola. Sarafu mpya, tolar, ilitulia. Nchi ya watu milioni mbili, yenye eneo la kilomita za mraba kama 20,000, dogo kuliko mikoa mingi ya Tanzania, ikawa miongoni mwa nchi zenye maisha bora zaidi katika zile zote zilizotoka kambi ya kijamaa. Juni 2001 George W. Bush na Vladimir Putin walikutana kwa mara ya kwanza katika kasri la Brdo, Slovenia. Mwaka 2004 nchi ikaingia NATO na Umoja wa Ulaya. Wasifu wa Drnovšek unaoandikwa kwa kifupi huishia hapa, na huwa ni wasifu mzuri.

Lakini kuna daftari moja ambalo siwezi kulipita.

Slovenia ilipopata uhuru, humo ndani walikuwamo watu wengi waliozaliwa Bosnia, Serbia, Kroatia, Makedonia na Kosovo. Walikuja kuchimba makaa, kujenga barabara, kufanya kazi viwandani na hospitalini, wakaoa na kuolewa. Wakati ule ilikuwa nchi moja, na kuhama kutoka Bosnia kwenda Slovenia kulikuwa kama kutoka Tabora kwenda Tanga. Sheria mpya iliwapa miezi sita kuomba uraia, na watu wapatao 170,000 walipewa. Ila wengine hawakuomba, au walichelewa, au walikataliwa. Tarehe 26 Februari 1992 majina yao yaliondolewa katika daftari la wakazi wa kudumu. Hawakuandikiwa barua. Walikuja kujua walipokwenda ofisini kwa shida nyingine, kubadilisha leseni au kupata cheti cha mtoto, na karani akachukua kitambulisho chao akakitoboa. Idadi yao baadaye ilihesabiwa kuwa 25,671. Waliitwa Waliofutwa.

Kufutwa kulikuwa na maana ya kupoteza kazi, bima ya matibabu, pensheni na haki ya kuingia tena nchini ukivuka mpaka. Wengine walitimuliwa kurudi Bosnia au Kroatia kwenye vita, mahali ambapo huenda hawakuwa wameishi tangu utoto. Baba alibaki bila karatasi katika nyumba ambayo mke na watoto ni raia.

Jambo hili halikuanza na Drnovšek. Lilifanyika miezi michache kabla hajawa Waziri Mkuu. Lakini waziri wa mambo ya ndani wa serikali iliyofuta aliendelea na kiti chake katika serikali ya Drnovšek, na miaka iliyofuata, miaka yote ya tolar imara na wageni mashuhuri, ilikuwa yake. Mwaka 1999 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kufutwa kule kulikuwa kinyume cha katiba na ikataka kurekebishwe. Sheria iliyotungwa mwaka ule ilirekebisha nusu tu. Mahakama ikarudia mwaka 2003. Aprili 2004, mwezi mmoja kabla ya fataki za Umoja wa Ulaya, kura ya maoni iliitishwa juu ya kuwarudishia hadhi baadhi yao, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura wakasema hapana.

Ninapoutazama muongo ule naona kitu kinachonisumbua zaidi ya ukatili wa wazi. Hapakuwa na hotuba ya Gazimestan. Hakuna aliyepanda jukwaani kuwalaani Waliofutwa. Kulikuwa na mezani pa karani, kitobozi, na Waziri Mkuu ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kutokoroga maji. Kuwatetea kungemgharimu kura, na labda mseto mzima. Kunyamaza hakukumgharimu chochote. Subira iliyomfaa mbele ya majenerali wa Belgrade ndiyo hiyohiyo iliyowaacha watu hawa wakisubiri, na wao hawakuwa na jeshi la kuondoka wala bandari ya kuondokea.

Mwaka 1999 madaktari walimtoa figo moja kwa sababu ya saratani. Mwaka 2001 ikagundulika kuwa ugonjwa umesambaa. Desemba 2002, akiwa anajua hayo, aligombea urais na kumshinda Barbara Brezigar katika duru ya pili. Rais wa Slovenia ana heshima kubwa na mamlaka madogo. Serikali iko kwa Waziri Mkuu. Wengi walidhani amekwenda kupumzika.

Badala yake akaanza kusema. Alihama Ljubljana akaenda kuishi Zaplana, kijiji cha milimani, pamoja na mbwa wake. Aliacha nyama, kisha vyakula vyote vitokanavyo na wanyama. Akaandika vitabu kuhusu maisha na utambuzi wa nafsi, na vikauzwa sana. Januari 2006 alijitoa katika chama alichokiongoza kwa miaka mingi, akaanzisha vuguvugu la haki na maendeleo. Wenzake wa zamani walimcheka. Magazeti yalimchora kama mzee wa mwituni.

Mwaka huohuo akaitazama Afrika tena, safari hii si kama mwenyekiti wa jumuiya. Vita vya Darfur vilikuwa vimeua na kuhamisha watu kwa wingi, na mataifa makubwa yalikuwa yanatoa matamko. Drnovšek aliandika barua kwa viongozi wa dunia, akatoa mapendekezo ya amani, akamtuma Tomo Križnar, mwandishi na mtetezi wa haki za binadamu, awe mjumbe wake. Sudan ikamkamata Križnar, ikamhukumu miaka miwili jela kwa kosa la ujasusi. Drnovšek akamwandikia Rais Omar al-Bashir, na Septemba mjumbe wake akasamehewa na kurudi nyumbani. Nyumbani, serikali ya Janez Janša haikufurahia rais mwenye sera yake ya nje, na ilikataa kumwongezea fedha ofisi yake. Darfur haikupata amani kutoka Ljubljana, kama ambavyo haikuipata kutoka Abuja.

Mwishoni mwa 2006 wanakijiji wa Ambrus, Slovenia, waliizingira familia moja ya Waroma wakitaka iondoke. Serikali iliihamisha familia badala ya kuilinda. Drnovšek alikwenda mwenyewe kujaribu kusuluhisha, akapokewa kwa kuzomewa. Rais aliyekuwa na saratani akisimama barabarani mbele ya raia wenye hasira, kwa ajili ya watu wasio na kura za kumpa: hiyo ndiyo picha ambayo ningependa kuiona miaka kumi na minne kabla, mbele ya ofisi ya uhamiaji.

Kuna wanaosema ugonjwa ulimbadilisha, na wengine kwamba ulimvuruga. Mimi naona mpangilio wa maisha yake ulivyokaa. Alipokuwa na nguvu ya kubadilisha mambo alikuwa na sababu nyingi za kunyamaza, na nyingi zilikuwa sababu za busara. Alipoacha kuogopa kupoteza, vitu vya kupoteza vilikuwa vimeisha, na nguvu nayo ilikuwa imekwenda navyo. Simhukumu kirahisi. Najua angepaza sauti Belgrade mwaka 1990, pengine Slovenia ingemwaga damu nyingi zaidi. Lakini najua pia kwamba baada ya askari kupanda meli Koper, sababu ile ya kunyamaza ilikuwa imeondoka pamoja nao, na kimya kikabaki kwa mazoea. Viongozi wengi tunaowasifu kwa utulivu wanastahili kuulizwa swali hili: utulivu wao ulimlinda nani, na nani alikuwa nje ya mlango wakati nyumba imetulia?

Hakugombea tena mwaka 2007. Alifariki Zaplana tarehe 23 Februari 2008, akiwa na miaka 57. Wakati ule Slovenia ilikuwa inashika uenyekiti wa Umoja wa Ulaya, ya kwanza miongoni mwa wanachama wapya, na siku sita kabla ya kifo chake Kosovo ilikuwa imetangaza uhuru. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilithibitisha kwamba Slovenia ilivunja haki za Waliofutwa. Februari 2022, miaka thelathini baada ya daftari lile, Rais Borut Pahor aliwaomba radhi kwa niaba ya dola. Baadhi yao walikuwa wamekufa kabla ya kusikia neno hilo.